Wimbo unapigwa kila kona ila mfukoni hamna kitu, hela za muziki zinaishia wapi?

"Shikamoo kaka. Mi ni msanii wa bongo fleva niko Mwanza, nina miaka 26. Mwaka jana nilitoa wimbo umepokelewa vizuri sana, YouTube umetazamwa kama mara laki nane, Boomplay umevuka milioni, daladala za huku wanaupiga na redio mbili zinaupiga karibu kila siku. YouTube uko kwenye chaneli ya produza, huku kwingine aliweka meneja. Tangu utoke nimepewa laki moja na themanini basi. Nikiuliza naambiwa mitandao haijalipa, mshkaji mmoja ananiambia hela zinaliwa na COSOTA, wale wa hakimiliki. Sasa kuna lebo ya Dar imenifuata, wananipa milioni tano mkononi, mkataba miaka kumi, wao 60 mimi 40. Nyumbani wanasema niachane na muziki nikomae na bodaboda. Hivi wenzangu wanaishije na huu muziki? Nisaini?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera, maana wimbo kupigwa kwenye daladala bila wewe kumshikisha mtu kitu sio jambo dogo, kuna watu wanahonga maprezenta mwaka mzima na hawafiki hapo ulipo.

Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: hela ya wimbo uliopita iko wapi, usaini au usisaini, na je muziki unaweza kukulisha. Nikupe majibu mafupi kwanza alafu tuelezane taratibu. Huo mkataba ulivyo usisaini. Bodaboda usiiuze. Na hela ya wimbo wako ipo, ila ni ndogo kuliko unavyoiwaza, na ilipoingia imeingia kwa majina ya watu wengine. Hili la majina ndo nitalirudia rudia humu ndani mpaka uchoke, kwa sababu kazi yangu ni kusoma mikataba na mahesabu ya wanamuziki na kesi nyingi zinazonifikia hata hazihitaji polisi wala mwanasheria mkali, zinahitaji swali moja tu: hii hela inaingia kwenye akaunti yenye jina la nani?

Tuanze na YouTube maana hapo ndo watu wanajidanganya sana. Ile namba ya kutazamwa sio hela. YouTube hailipi kwa sababu mtu katazama, inagawana na mwenye chaneli hela ya matangazo yaliyotokea kwenye video, na kwa video za kawaida mwenye chaneli anachukua asilimia 55 wao wanabaki na 45. Mtu akitazama na tangazo halikutokea basi hamna cha kugawana hapo. Likitokea, bei yake inategemea aliyetazama yuko wapi, kampuni inayomtafuta mteja wa London inalipa zaidi kuliko inayomtafuta mteja wa Igoma hapo Mwanza, kwahiyo laki nane ya kanda ya ziwa na laki nane ya Ulaya wala hazifanani, na wale mastaa unaosikia wanatajiwa mapato makubwa ujue wana watazamaji nchi nyingi na nyimbo nyingi za miaka nyuma zinazoendelea kuingiza kidogo kidogo.

Alafu kuna suala la chaneli yenyewe. Chaneli haianzi kulipwa matangazo mpaka iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au Shorts, zile video fupi, zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90), na hata ikifika hapo lazima mwenyewe aombe akubaliwe, alafu AdSense, mfumo wa Google unaolipa hizo hela za matangazo, nayo haitoi hela mpaka zifike dola 100. Kwahiyo kabla hujamwita produza wako mwizi, inawezekana kabisa wakati wimbo wako unakimbia chaneli yake ilikuwa haijafunguliwa kulipwa. Inawezekana pia amezila. Kwa kuulizana mdomo hamtajua, na wala msigombane kwanza.

Unachofanya ni hiki. Mwambie akuongeze kwenye YouTube Studio ya chaneli yake kama mtazamaji, wala hahitaji kukupa neno lake la siri, iko kwenye mipangilio sehemu ya ruhusa, anaweka barua pepe yako basi. Ila kuwa makini hapo, ruhusa ya kutazama ziko mbili, moja inaonyesha kila kitu na nyingine imefichwa mapato, sasa akikuweka kwenye ile ya kufichwa utaona namba za kutazamwa tu ambazo tayari unazijua. Omba ile kamili. Ukishaingia fungua video yako peke yake, nenda kwenye takwimu, bonyeza sehemu ya mapato, badilisha tarehe iwe tangu video ilipowekwa. Hapo utaona makadirio ya dola ilizoingiza video yako tu, nchi kwa nchi, na mabishano yote yataisha ndani ya dakika tano. Akikataa kukuonyesha kabisa nalo ni jibu.

Kuna jambo moja maproduza wengi wanalipuuza, fomu ya kodi ya Marekani ndani ya AdSense. Akaunti ya mtu binafsi isipojazwa fomu, Google wanaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato yote, ya dunia nzima. Ukiijaza, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wanakata 30, lakini kwenye mapato ya watazamaji walioko Marekani tu. Kwa msanii ambaye watu wake wako Mwanza, Kisumu na Bujumbura hiyo tofauti ni kubwa, na fomu yenyewe unaijaza ukiwa umekaa kijiweni unasubiri abiria. Muulize kama aliijaza.

Haya, twende Boomplay, Spotify, Audiomack na wenzao. Huku watu wanatafuta bei ya strimu moja, yaani wimbo kusikilizwa mara moja, kila siku naulizwa, na bei hiyo haipo. Wanachofanya wengi wao ni kukusanya hela ya mwezi ya nchi husika, ya vifurushi na ya matangazo, wanaondoa ya kwao, kinachobaki wanagawa kulingana na nyimbo za nani zimesikilizwa kiasi gani. Spotify wenyewe wanasema karibu theluthi mbili ya mapato inaenda kwa wenye haki. Kwahiyo milioni yako inalinganishwa na jumla ya kila kilichosikilizwa mwezi huo, na sufuria yenyewe ina ukubwa wa hela wanazolipa wasikilizaji wa hapo. Spotify ilipoingia Kenya Februari 2021 kifurushi cha mtu mmoja kilikuwa shilingi 299 za Kenya kwa mwezi, kipindi hicho hicho Mmarekani alikuwa analipa dola 9.99, ni zaidi ya mara tatu, na hapo bado hujahesabu kwamba wengi wetu tunasikiliza bure tukivumilia matangazo. Na tangu 2024 Spotify wimbo usiposikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingii kabisa kwenye mgao wa rekodi. Wewe hilo halikuhusu ila wadogo zako wanaotoa nyimbo kumi kwa mwaka bila kuzitafutia wasikilizaji liwahusu.

Hela hiyo haiji kwako moja kwa moja, inapita kwa msambazaji wa mtandaoni, yule ambaye meneja alitumia akaunti yake kupandisha wimbo. Kawaida ripoti zinachelewa miezi miwili mitatu. Kwahiyo kuambiwa mwaka mzima kwamba mitandao haijalipa, hapana, hilo sikubaliani nalo. Inawezekana kiwango cha chini cha kutoa hela hakijafika, inawezekana meneja hajui hata kuifungua ripoti (wapo, tena wengi, wanaangalia namba kubwa ya mbele tu), au kaitoa. Ripoti ipo. Ni faili la kupakua, mstari kwa mstari, mwezi huu, mtandao huu, nchi hii, mara ngapi, senti ngapi. Muombe hilo faili lenyewe, sio picha ya simu iliyokatwa katwa. Na wasambazaji wengi sa hivi wana kipengele cha mgawanyo, anaweka barua pepe yako na asilimia yako, kuanzia siku hiyo ya kwako inaingia kwako ya kwake kwake, hamtegemeani tena. Mtu mwenye nia njema hana sababu ya kulikataa hilo.

Ikishindikana kabisa unaweza kuhama msambazaji bila kupoteza namba zako. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, herufi na tarakimu 12, inaitwa ISRC, msambazaji ndo anaitoa. Ukipandisha wimbo ule ule kwa msambazaji mwingine kwa ISRC ile ile, jina lile lile na faili lile lile, kwa kawaida mitandao inaunganisha na namba za zamani zinabaki, alafu ndo wa kwanza anashusha wa kwake. Watu wanafanya kinyume, wanashusha kwanza kwa hasira, wanapandisha na ISRC mpya, milioni inarudi sifuri. Ila huwezi kufanya hivyo kama masta sio yako, na hapa ndo tunafika kwenye kiini chenyewe.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, ile sauti iliyotoka studio ambayo wenyewe tunaiita masta. Ulichoandika ni chako tangu kilipoandikwa, sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 haikudai ukasajili ndo uwe mwenyewe, usajili unakusaidia kwenye ushahidi tu, na haki hiyo inaishi maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Masta ndo shida. Sheria inamtambua mtengenezaji wa rekodi kuwa na haki zake, sasa kama ulilipia studio nusu, nusu produza akakusamehe kwa sababu alikuona unakuja vizuri, na hamkuandika chochote, nyote wawili mnaamini masta ni yenu na nyote mna hoja. Nimeshaona urafiki wa toka shule ukifia hapo. Na biti je? Kama produza aliitengeneza mwenyewe sawa, kama aliishusha YouTube kwa mtu wa Marekani anayekodisha, leseni nyingi za bei rahisi zina kikomo cha idadi ya kusikilizwa, ukivuka hicho kikomo mwenye biti anaweza kuidai rekodi yako kupitia Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, na hela ya matangazo ikaanza kwenda kwake. Muulize produza hilo pia, kwa upole.

Karatasi ya mgawanyo inachukua robo saa: jina la wimbo, tarehe, nani kaandika maneno asilimia ngapi, nani melodi, biti ya nani, masta ya nani, nani anapandisha na kwa akaunti gani, saini za wote na namba za simu. Iandikeni siku ya kurekodi kabla ya wimbo kutoka, wakati bado hamna cha kugombea. Wimbo ukishapendwa kila mtu anakumbuka mchango wake vizuri kupita kiasi, hata aliyeleta soda studio.

COSOTA sasa. Mshkaji wako kakudanganya bila kujua. Hela ya YouTube na Boomplay uliyokuwa unaiulizia haipiti COSOTA hata kidogo. Wao walikuwa wanakusanya mirabaha ya muziki unaopigwa hadharani, redio, TV, baa, hoteli, mabasi, alafu marekebisho ya sheria ya 2022 yakaruhusu vyombo vya kukusanya na kugawa vinavyoundwa na wenye haki wenyewe, COSOTA ikabaki kama ofisi ya hakimiliki. Kwahiyo zile redio mbili na zile daladala, hiyo ndo hela ya upande huu, na sio lazima imeliwa, inawezekana hukuwahi kuwa kwenye orodha. Kama hujasajili kazi yako, mgao ukifanyika hakuna jina la kumlipa. Usitegemee makubwa, mgao ule uliotangazwa mwanzoni mwa 2022 ulikuwa wa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii wa muziki nchi nzima, ukigawa kichwa kwa kichwa hupati mshahara wa mwezi. Lakini jisajili, hela ndogo inayorudi bila wewe kuimba sio ya kudharau. Na kwa kuwa Kisumu na Migori ni jirani zako, ulizia habari ya Skiza, ile miito ya simu ya Safaricom. Kenya walirekebisha sheria yao 2022 wakaandika kwamba kwenye miito hiyo mwenye haki apate si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu isizidi 39.5 na mtu wa kati isizidi 8.5. Huyo mtu wa kati ndo utakayesaini naye, soma anachokupa.

Sasa lebo. Milioni tano sio zawadi na sio mshahara, ni mkopo unaolipwa na nyimbo zako, na hakuna ubaya hapo mradi ujue unaulipaje. Tuchukue mfano wa namba za kubuni. Wamekupa milioni 5, wamefanya video ya milioni 4, promo milioni 3. Jumla milioni 12. Mikataba mingi inaandika kwamba gharama hizi zinarudishwa kutoka kwenye fungu la msanii. Fungu lako ni 40, kwahiyo ili 40 yako ifike milioni 12, nyimbo lazima ziingize milioni 30. Mpaka siku hiyo hujashika hata mia. Wao hapo wameshachukua 60 yao ambayo ni milioni 18, juu yake wamerudishiwa ile 12 yote. Badilisha sentensi moja tu, iandikwe gharama zinatolewa kwanza kwenye jumla alafu kinachobaki ndo tunagawana, milioni 30 ile ile ukitoa 12 inabaki 18, na 40 yako ni milioni 7 na laki mbili. Asilimia haijabadilika, advansi (ile milioni tano ya mkononi) haijabadilika, kilichobadilika ni mahali pa kukata. Ndo maana mtu akikuringia kwamba yeye kapata 50 kwa 50 usimuonee wivu kabla hujaona gharama zinakatwa wapi.

Na miaka kumi jamani! Una 26, utatoka hapo una 36. Lebo nzuri itakuambia miaka miwili mitatu, au idadi fulani ya nyimbo, wakitaka kuongeza mnakaa tena mezani. Angalia pia je hiyo 60 ni ya nyimbo tu au ni mpaka shoo, matangazo na kila unachogusa, kwa sababu shoo ndo itakulisha na kumpa mtu 60 ya shoo wakati jasho ni lako inabidi awe anakufanyia kazi kubwa kweli kweli. Angalia jina lako la kisanii na kurasa zako za mitandao zitabaki za nani mkiachana. Angalia masta zitarudi kwako lini, kama hazirudi kabisa iandikwe bei ya kuzinunua, sio tutaelewana baadaye. Angalia unaletewa mahesabu kila baada ya muda gani na unaruhusiwa kuleta mhasibu wako akague. Na angalia gharama ya kutoka, tuna mastaa hapa hapa waliosema hadharani kwamba walilipa mamia ya mamilioni kuondoka kwenye lebo zao, wao walikuwa nayo, wewe je?

Sikuambii lebo ni mbaya. Lebo inaweza kukupa vitu ambavyo bodaboda haiwezi, video ya maana, kolabo, mtu wa kupiga simu redioni, na msanii wa mkoani bila watu Dar anahangaika sana. Mi ningekuwa wewe ningerudi kwao na ombi: nyimbo nne au miaka miwili, gharama juu ya kiasi fulani zisitumike bila saini yangu, zikatwe kwenye jumla, shoo nichukue sehemu kubwa. Wakikubali hata nusu mna mazungumzo. Wakikuambia saini leo au nafasi inaenda kwa mwingine, acha iende.

Umeuliza wenzako wanaishije. Ukweli wenyewe ni kwamba wengi hawaishi na nyimbo, wanaishi na kazi ambazo nyimbo zinawaletea, na hili sio jambo la mitandao. Zamani zile NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki walikuwa waajiriwa, na Mlimani Park ilianzishwa 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, alafu 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar, DDC. Walirekodi Redio Tanzania nyimbo ambazo mpaka leo zinachezwa, lakini ugali ulitoka kwenye ajira na kiingilio cha mlangoni. Taarab nayo mpaka leo mwimbaji anatunzwa noti jukwaani na kuna usiku za kutunzwa zinazidi malipo yenyewe ya bendi. Ikaja enzi ya kanda, msanii wa bongo fleva akawa anauza kazi nzima kwa msambazaji wa Kariakoo kwa hela ya mkupuo, ikiuza sana ni bahati ya mwenye duka. Rekodi kumlisha aliyeimba peke yake, huku kwetu ilitokea kwa wachache sana.

Kwahiyo wanaofanikiwa kuishi ninaowajua mimi wana vyanzo vitano sita vidogo. Shoo za klabu na matamasha, hiyo kubwa. Harusi, send-off na kitchen party, ambako wasanii wengi wanaona aibu kwenda wakati zinalipa kwa uhakika kuliko klabu, kamati ya harusi imeshachangisha tayari hela ipo. Kupiga live hotelini, Zanzibar na Mombasa kuna watu hawana wimbo hata mmoja redioni ila wanasomesha watoto kwa kuimba nyimbo za wengine kila Ijumaa na Jumamosi. Matangazo ya redio, nyimbo za kampeni, nyimbo za taasisi za afya. Kuandikia wengine, kama kalamu yako ni kali hii usiidharau, ila tena karatasi ya mgawanyo. Waimbaji wa injili wao wametuzidi akili, wanaalikwa kanisani, wanaimba, wanauza flash mlangoni, wanaondoka na sadaka na namba za simu za wachungaji wengine watatu.

Wewe una wimbo unaojulikana Mwanza nzima na hujaniandikia hata neno moja kuhusu shoo. Hapo ndo nilishtuka. Wimbo wa daladala ndo tangazo lako, Geita, Kahama, Musoma, Bukoba, huko kote wanausikia na promota wa huko hawezi kumlipa staa wa Dar na nauli ya ndege na watu wake sita, wewe anakumudu. Weka bei. Ukiitwa chukua nusu kabla hujapanda gari, nauli na malazi juu yao, inayobaki kabla hujapanda jukwaani, sio baada, kwa sababu baada ya shoo promota anakuwa hana hela na wala sio mwongo, mlango haukujaa.

Ndo maana nimesema bodaboda usiuze. Ile ndo inakupa jeuri ya kukataa miaka kumi na kukataa shoo ya kulipwa bia. Waelewe pia nyumbani, hawachukii muziki, wanaona wimbo unaimbwa mtaa mzima alafu kodi ya chumba bado unakopa. Waonyeshe daftari, shoo fulani imelipa kiasi fulani, hawatabisha na namba. Kitu kimoja tu usifanye ili kuwaridhisha au kuiridhisha lebo, kununua strimu za uongo. Mitandao inazigundua, Spotify inawatoza faini wasambazaji kwa nyimbo zenye strimu bandia, na msambazaji akitozwa anakushusha wewe.

Mwisho kuna mambo ambayo mi huku siwezi kukumalizia. Mkataba upelekee wakili wa karibu akausome mzima na wewe ukiwa umekaa pembeni yake, atakutoza kidogo ukilinganisha na miaka kumi, mwambie kabisa ni mkataba wa kazi za sanaa na umuonyeshe ule mfano wangu wa milioni 30 akutafutie kifungu cha makato kiko wapi. Kama wakili ni mzigo anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, yeye anajua taratibu za BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, za kujisajili na jinsi ya kupeleka malalamiko mkishindwana na meneja. Na kama umeshasaini chochote, hata karatasi ya daftari, hata ujumbe wa WhatsApp ulioandika "poa nimekubali", usiandike wala kupandisha kitu kingine mpaka wakili au huyo afisa aone hicho kwanza, maana nasikia sauti ya mtu mwenye hasira kwenye barua yako na hasira ndo inafanya watu wanashusha nyimbo zao wenyewe usiku.

Wiki hii anza na produza na ile ruhusa ya kutazama mapato, alafu faili la meneja. Ukilipata nitumie lilivyo, futa namba za benki tu, nitakuonyesha mstari upi unasoma nini.